Migomba Tuliyozika Kashebere

Watoto wangu wa serivisi yetu ya udongo, mlinifanyia sikukuu nzuri ya kuagana. Mlinipa saa ya ukutani, zawadi ambayo mtu hupewa siku ile ile anapokuwa hana tena haja ya kujua saa. Mkaniomba pia niwaandikie kidogo juu ya kazi yangu. Haya, naandika. Vyeo na mishahara msivitegemee humu: vyeo nilipewa na watu waliofukuzwa kabla wino haujakauka, na mishahara mnaijua, ni ile ile ambayo ninyi pia hamkuipata. Nitawaeleza juu ya mashimo. Maisha yangu yameenda ndani ya mashimo, na kila mara nimetoka kwa miguu yangu mwenyewe. Kwa umri huu mtu anashukuru.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado unanuka rangi mpya. Wazungu wa serivisi ya udongo walikuwa wamekwenda zao, wakatuachia makarte, zile ramani, ukutani, kabati lisilo na ufunguo, na tariere. Kwa wale ambao siku hizi wanapima udongo wakiwa wamekaa kitini, tariere ni chuma kirefu chenye mkono wa mbao juu na meno chini. Unakizungusha, kinaingia ardhini, unakivuta kwa mgongo wote, kinatoka na udongo kidogo na laana nyingi.

Siku ya kwanza nilivaa viatu vya ngozi na shati jeupe, sababu mama yangu alikuwa ameliambia kanisa zima kwamba mutoto wake amepata kazi ya bilo, ya kukaa ofisini. Bilo yenyewe nikaikuta ni shimo kwenye mteremko, na ndani yake Papa Kahombo, mkuu wa wachimbaji wetu, mzaliwa wa Kalembe. Kichwa chake hakikuonekana. Sauti tu njo ilitoka chini.

“Weye njo mupya? Shuka.”

“Papa, niko na viatu.”

“Na viatu pia vishuke.”

Nikashuka. Akakata kipande cha udongo ukutani kwa kisu, akanitilia mkononi. “Tema mate.” Nikageuka nikatema pembeni, kwa adabu. “Aka! Si pale! Tema yulu ya udongo!” Ndivyo nilivyoajiriwa. Unaulowesha udongo kwa mate, unaufinyanga kiganjani, unauviringisha uwe mwembamba kama mkia wa panya. Ukikubali kupindwa uwe pete, ni mfinyanzi. Ukivunjika vunjika, mchanga ni mwingi. Shahada yangu ya shule ilikuwa na mihuri mizuri, lakini somo la mate hawakutupa kabisa.

Tukatembea nchi na Papa Kahombo, kwa gari letu la jipu siku ambazo lilikubali, kwa miguu siku zingine zote. Alizungumza juu ya udongo kama mtu anayesengenya ndugu zake. Ule wa upande wa Mushaki, mweusi na mwepesi, aliuita kijana. Unatoka kwa majivu ambayo milima ya moto imekuwa ikitupa angani: yanaanguka, yananyeshewa, yanaoza haraka, na bado yana chakula chote ndani. “Huyu hajazaa, hajalipa kodi, hajachoka,” alisema. Ukisogea kuelekea Rubaya, majivu yanapungua, unakuta udongo mwekundu. Huyo ni mzee. Jiwe la zamani limeoza polepole, mvua imeosha chakula ikakishusha mabondeni, chuma kikabaki, chuma kikapata kutu. Huko Rubaya tena unang'aa kwa vipande vya ulanga, jiwe la kumetameta kama kioo, na kila tulipochimba watu walijaa ukingoni wakidhani tunatafuta madini.

“Mumepata?”

“Tumepata udongo.”

Walicheka kwa heshima, namna ambavyo mtu anacheka anapodanganywa na serikali, kisha wakabaki pale pale hadi tunaondoka, wapate kuchimba zaidi.

Ukishuka sasa Walikale, pale Kashebere, unaingia pori. Unaona miti mikubwa hadi shingo inauma, unasema: hapa udongo lazima umenona. Wapi! Chini ya majani pana weusi wa unene wa kiganja, basi, kisha ni manjano na wekundu uliooshwa na mvua tangu enzi ambazo hapakuwa na mtu wa kuikimbia. Pori linajilisha lenyewe. Linaangusha majani, majani yanaoza, mizizi inayala tena kabla hayajafika mbali. Ukikata miti yote, umemnyang'anya mtu sahani mkononi. Mavuno ya kwanza unacheka, ya pili unanyamaza, ya tatu unafunga mizigo. Watu wa Kashebere wanajua hivyo vizuri, njo maana wanahamisha mashamba yao na kuliacha pori lirudi.

Katika miaka ile serivisi yetu ilibadilisha jina kila serikali ilipobadilika, na serikali ilibadilika kila tulipomaliza kuchonga muhuri. Udongo peke yake njo ulikuwa mtumishi ambaye hakuulizwa yuko upande wa nani. Hadi siku ile Bwana Agronome alipokuja na amri ya kulinganisha.

Bwana Agronome alikuwa mkubwa wetu, mtaalamu wa kilimo aliyesoma sana, na nasema bila mzaha: alijua udongo kutushinda sote. Shida yake haikuwa kujua. Amri ilisema tulinganishe kilima kimoja cha upande wa Mushaki na pori la Kashebere, tuone kama udongo “unalingana kwa manufaa ya wananchi.” Kila mtu alijua sababu. Mukubwa mmoja alikuwa amependa kilima kile kwa ajili ya ng'ombe wake. Simtaji jina, maana wakubwa wa namna ile hawafi, wanabadilisha sura tu. Zamani kwa kazi hiyo walituma askari. Sasa tulikuwa na maendeleo: wakatuma watu wa udongo. Tukisema udongo unalingana, watu wa kilima watashushwa porini, na ng'ombe watapanda.

Juu ya kilima kile aliishi Mama Nyota, mjane, pamoja na wanawe na jamaa za marehemu mume wake. Maharagi yake yalizaa hadi miti ya kuyashikilia ililala. Ulimi wake pia haukuwa na upungufu. Alitukuta tunapima mahali pa kuchimba, nyuma ya nyumba yake, akatuletea bugali na maharagi kabla hajatuuliza sisi ni nani. Tulipomaliza kula njo akauliza.

Tukachimba. Weusi ulianza kwenye majani ukashuka hadi nyayo za Papa Kahombo, bila kupunguka. Mama Nyota akaja ukingoni, akakaa.

“Sasa mutaandika nini?”

“Ile tunaona,” alijibu Papa Kahombo.

“Na ile benye kuwatuma banataka kuona?”

“Ile haiko mu shimo, Mama.”

Hakucheka. Akachukua udongo uliotupwa nje, akauchuja katikati ya vidole. “Papa Kahombo, bwana yangu analala pale chini ya ile miti. Hapa njo nilizalia batoto. Banasema banatupeleka kulima mu pori. Miye niko na woga, sikufiche.” Papa Kahombo akainama akaendelea kusafisha ukuta wa shimo uliokuwa safi tayari.

Amri ilitaka shimo libaki wazi hadi Bwana Agronome ahakikishe kwa macho yake. Mama Nyota akalizungushia matete, mbuzi wasitumbukie, nasi tukashuka Kashebere.

Hapa lazima mjue namna shimo letu linavyoonekana. Ni refu, ni jembamba, kuta zake zimenyooka, na kina chake ni kimo cha mtu aliyesimama. Kwetu sisi hiyo ni profili. Tulikuwa tumelimaliza la kwanza, pembeni ya migomba ya kijiji, alipofika kapita, Papa Matayo, mkubwa wa kijiji na mwimbaji wa kanisa. Alivua kofia.

“Poleni sana.”

“Pole ya nini, Papa?”

“Nani alikufa?”

“Hakuna. Hii haiko kaburi. Iko shimo ya kuangalia udongo.”

Papa Matayo akaangalia udongo uliomzunguka pande zote, hadi upeo wa macho, kisha akaangalia ndani ya shimo. “Udongo hii hapa hamukuiona?” Akavaa kofia, akaenda.

Kesho yake asubuhi hapakuwa na shimo. Palikuwa na kituta kizuri, kimefagiliwa, na kimewekewa majani mabichi. Wamama walikuwa wamekaa kando, vitambaa vimefungwa kiunoni, wanaimba wimbo wa kanisa wa maziko. Papa Kahombo alikasirika hadi akatupa kofia chini.

“Munani­fukia kazi ya serikali? Mumezika nani humu?”

“Mugomba,” alisema Papa Matayo, bila haya. Akaeleza polepole, kama mtu anayefundisha katekisimu. Kwao, shimo la kimo cha mtu haliachwi kulala wazi. Likilala wazi, litamwita mtu wa kulijaza, na litamwita kutoka nyumba ya karibu. Kama maiti haipo, wanakata mgomba, wanaulaza ndani kama mtu, wanamlilia, wanafunika. “Siye tuko Bakristo, Papa. Lakini batoto betu bako wazima, na tunataka babakie bazima.”

Tukachimba lingine mbali zaidi. Tulipoenda kula, likazikwa. Tukachimba lingine ng'ambo ya kijito. Wakavuka. “Muchimbe, musichoke,” alituambia kapita. “Siye pia hatutachoka kuzika.” Mwisho tukawa tunaharakisha kupima kabla mgomba haujafika, na kwa kuwa sisi njo tuliochimba, tuliwekwa mahali pa wafiwa, tukapewa kasiksi, ile pombe yao ya ndizi, na pole nyingi. Mama mmoja akamuuliza Papa Kahombo marehemu alikuwa muntu wa namna gani. Papa Kahombo alikuwa na kikombe mkononi na profili kichwani.

“Yulu mweusi kidogo tu. Ndani, manjano na nyekundu. Muzee sana. Chakula, hapana.”

“Yoo, mama yangu we!” Wamama wakapaza sauti. “Alikufa na njaa!” Wakalia upya, na wallahi nami nikasikia huruma juu ya udongo ule.

Tuliporudi Mushaki kuchukua vyombo, tulimweleza Mama Nyota. Alicheka hadi akashika mbavu. “Bantu ba pori njo bako vile! Kulilia mugomba!” Ilikuwa mara ya kwanza kumuona anacheka, nasi tukaongeza chumvi kidogo ili aendelee.

Bwana Agronome alifika Kashebere baada ya mvua kubwa, majani yameoza, vituta vimelala. Tukamwambia mashimo yamefukiwa, tuchimbe jipya. Akaangalia mawingu, akaangalia jipu, akasema fukueni lile la zamani, ni laini, litafunguka haraka. Tukafukua. Mnajua mtu akifukia shimo linakuwaje: udongo wa juu unashuka, wa chini unapanda. Weusi wa majani ulikuwa umechanganyika hadi chini kabisa, na chini kabisa ulikuwepo mgomba, umeoza, mweusi, unateleza.

Bwana Agronome akashuka na suruali yake iliyopigwa pasi. Akachukua kipande, akakinusa.

“Humus,” alisema. Yaani mboji, udongo wa vitu vilivyooza. “Humus hadi chini.”

“Bwana, ule ni mgomba,” nilisema. “Waliuzika.”

“Walimulilia hata,” aliongeza Papa Kahombo.

Bwana Agronome alituangalia mmoja mmoja, bila hasira. Alikuwa anajua. Mtu yeyote aliyewahi kula ndizi angejua. “Mgomba ukioza unakuwa nini?” aliuliza. “Humus. Basi nitaandika humus.” Akapanda, akapangusa mikono, akatushukuru kwa kazi nzuri. Mpaka leo sijasikia uongo uliokuwa na kweli nyingi hivyo ndani yake.

Basi udongo ukalingana. Wakatangaza kwenye kilima kwamba serikali imepata ardhi nyeusi kama yao, kubwa zaidi, huko Kashebere, na kwamba wachague wajumbe waende kuiona. Mukubwa alitoa kamyo yake, lori kubwa, kwa hiari, mtu mkarimu, akapanda mwenyewe mbele. Mama Nyota alipanda nyuma pamoja na wazee wa kilima, nasi na koleo zetu. Njia nzima alikuwa ameshika kifurushi cha mbegu za maharagi kifuani, sijui ni kwa kuzijaribu au ni kwa kuwa na kitu cha kushika.

Kashebere nao walikuwa wamesikia. Si watu wa kilima tu waliokuwa na cha kupoteza: pori lile njo lilikuwa mashamba yao ya kesho. Tulipofika tukakuta kijiji kizima kiko kwenye vituta vyetu, kila jamaa na kituta chake, vitambaa kiunoni, wanalia kwa mpango.

“Kuna nini hapa?” aliuliza Mukubwa.

“Makaburi, mukubwa,” alisema Papa Matayo, kofia mkononi.

“Zile ni profili zangu!” alisema Bwana Agronome.

“Ndiyo, bwana. Njo bamaiti benu. Mulichimba, siye tukazika.”

“Lakini hakuna aliyekufa!”

“Hamukutuambia majina,” Papa Matayo alikubali kwa huzuni. “Ile ilitukalia mubaya sana.”

Nilimuona Mama Nyota anaangalia vituta, anamwangalia Mukubwa, anaangalia tena vituta. Akakaa chini. Akafungua kitambaa cha kichwa, akajifunga kiunoni, akaanza kulia. Wengine watawaambia alikuwa anaigiza. Mimi nilikuwa karibu naye, na nawaambia hakuigiza. Alimlilia mume wake, akataja miti ile, akataja watoto kwa majina, na wamama wa Kashebere, waliokuwa wamechoka kidogo na migomba, wakamkumbatia wakalia kweli sasa, pamoja naye.

Mukubwa alikohoa. “Na kama muntu anataka kukalisha bantu hapa yulu?”

“Inawezekana kabisa,” alisema Papa Matayo. “Ataondoa kilio kwanza. Kwetu tunachinjaka mbuzi, moja kwa kila kaburi. Lakini kwa muntu mukubwa kama weye, mbuzi itakuwa matusi. Tunasikia uko na bang'ombe.”

Mukubwa alitazama vituta, kimoja kimoja, hadi vile vya ng'ambo ya kijito. Midomo yake ilikuwa inahesabu ng'ombe. Kisha akapanda mbele ya kamyo akafunga mlango polepole, kama mtu aliyemaliza ziara. Bwana Agronome, ambaye hakuwahi kukosa neno, aliandika katika rapore, ripoti yake: “Kashebere. Udongo mzuri sana. Umekwisha kukaliwa.”

Tulirudi Mushaki jioni. Nilifikiri Mama Nyota ataingia nyumbani kupumzika. Hapana. Alienda moja kwa moja kwenye migomba yake, akakata mmoja ulioneemeka, akauburuta.

“Papa Kahombo, ile shimo yako iko wazi bado?”

“Iko wazi.”

“Shika kule.”

“Si ulisema bantu ba pori njo bako vile?”

“Nyamaza, Papa. Shika kule.”

Tukaulaza ndani, tukafunika. Akasimama akawaza. Kashebere walizika bila jina, alisema, lakini hapa ni karibu na barabara, wakubwa watauliza. Papa Kahombo akafuta jasho. “Tia yangu.” Siku ile ile msalaba wa mbao ukasimama nyuma ya nyumba, jina la Papa Kahombo juu yake, naye mwenyewe yuko pembeni anaomba maji ya kunywa.

Walikuja wengine na makaratasi. Kila mara Mama Nyota aliwapeleka kwenye msalaba, akawaeleza marehemu alivyokuwa muntu muzuri, kisirani kidogo. Mara moja tulikuwepo kwa kazi. Papa Kahombo alivua kofia, akasali juu ya kaburi lake kwa sauti, akajisifu zaidi ya kipimo, wageni wakasema amina wakashuka. Kwa wakati ule, kaburi la mtu wa serikali lilitosha kuwarudisha.

Papa Kahombo alikufa kweli miaka ya sitini ikielekea kwisha, kwa ugonjwa wa kifua. Ndugu zake walitaka alale Kalembe, na haki ilikuwa yao. Mama Nyota alikwenda huko kwa miguu, akasimama mbele ya wafiwa.

“Musalaba iko na jina yake. Alikubali mwenyewe. Akilala hapa, kila muntu atajua kama kule hakuna muntu, na bang'ombe batapanda. Munataka anifanye muongo leo, wakati amekufa?”

Kaka wa marehemu akasimama akaenda kutafuta mbao za kumbebea.

Kaburi nilichimba mimi, pale pale chini ya msalaba. Ni kazi yangu, na sikutaka koleo la mtu mwingine liguse pale. Nilishuka taratibu, nikitafuta mgomba ule, nikijiambia niutoe kwa heshima. Nilifika kimo cha mtu. Sikuuona. Nilikata ukuta kwa kisu, nikausafisha vizuri, upande unaopigwa na jua, jinsi alivyonifundisha. Weusi ulikuwa mmoja juu hadi chini, hakuna pahali ungeweza kusema hapa mgomba unaishia, hapa kilima kinaanza. Nikatia kipande kiganjani nikataka kutema mate. Kinywa kilikuwa kikavu kabisa. Udongo ulilowa hivyo hivyo, kwa macho.

Mama Nyota alikuwa amekaa ukingoni, mahali pale pale pa siku ya kwanza.

“Utaandika nini?” aliniuliza.

“Udongo mzuri sana, Mama,” nilisema. “Umekwisha kukaliwa.”